Mkaguzi akipanda melini: namna ya kuweka jiko, maji na madaftari tayari

Meli ya kitalii inayobeba abiria 13 au zaidi, na inayoingia Marekani baada ya kugusa bandari ya nchi nyingine, iko chini ya VSP, programu ya usafi wa meli ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Programu ilianza mwaka 1975, enzi ambazo abiria walikuwa wakishuka likizoni huku wameshika matumbo. Wakaguzi hupanda bila kubisha hodi, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Meli huanza na alama 100, na kila kosa linakata. Ukibaki na 86 au zaidi umefaulu, 85 kushuka chini umefeli. Matokeo huwekwa kwenye intaneti, na yeyote anayetaka kukata tiketi anaweza kuyasoma kabla hajalipa.

Haya ni maelezo kwa mtu wa kazi: mpishi, muosha vyombo, stuadi wa vyumba, fundi wa maji, nesi. Watu wa Kenya na Tanzania wako kwenye kazi zote hizo. Vipimo vilivyomo ni vya VSP, na joto lote limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi. Kampuni yako ikiwa na kipimo kikali zaidi, fuata hicho.

Kazi kubwa ya mkaguzi ni kulinganisha daftari na kitu chenyewe. Daftari linasema friji iko nyuzi 4, kipimajoto chake kinasoma 9. Hapo alama za friji zimekwenda, na tena kila ukurasa atakaoufungua baadaye atausoma kwa jicho la shaka. Makosa mazito, yale yanayoweza kumwangusha mtu kitandani, hukata alama 3 hadi 5 kila moja. Madogo hukata 1 au 2, lakini madogo kumi na tano yanatosha kukuzamisha bila kosa zito hata moja.

Anza na kipimajoto

Kabla ya kupima chakula, pima kipimio. Chukua glasi, ijaze barafu iliyopondwa mpaka juu, kisha ongeza maji baridi yafunike mianya tu. Barafu ikielea juu ya maji mengi, chini ya glasi hapatakuwa sifuri. Koroga, tumbukiza ncha ya kipimajoto katikati bila kugusa kioo, subiri namba itulie. Isome sifuri, ikikosea isizidi nyuzi 1. Ikisoma 2, rekebisha au kitoe kazini, na uandike. Vipimajoto vinavyoanguka sakafuni mara tatu kwa zamu moja huongopa, na mpishi hajui mpaka mgeni achomeke cha kwake pembeni.

Vyakula baridi vinavyoharibika haraka vikae nyuzi 5 au chini. Vya moto vikae 57 au juu. Kuku apikwe mpaka 74, nyama ya kusaga 68, samaki na nyama nzima 63, na kila kimoja kishike joto hilo sekunde 15. Kiporo kinachokwenda kwenye bufee kipashwe kifike 74 ndani ya saa 2. Pima sehemu nene, mbali na mfupa, na ufute ncha kwa dawa kati ya chakula kimoja na kingine.

Friji nyingi hufeli kwa sababu ya mambo ya hovyo kabisa. Raba ya mlango imepasuka pembeni. Masanduku yamesogezwa mpaka yakaziba feni. Droo za mezani, zile zinazofunguliwa kila dakika wakati wa chakula cha jioni, zimejazwa kupita ukingo, kwa hiyo tabaka la juu linakaa kwenye hewa ya jiko. Mkaguzi anajua. Hatapima jibini iliyo chini, atapima ya juu.

Sufuria la lita 20

Kama kuna sehemu moja ya jikoni inayostahili muda wako wote, ni upoozaji. Sheria ina hatua mbili: kutoka 57 kushuka hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Hatua ya kwanza ni ya haraka kwa sababu hapo ndipo bakteria huzaliana kwa kasi kubwa. *Clostridium perfringens* hupenda nyama na mchuzi, *Bacillus cereus* hupenda wali. Mbegu za vijidudu hivi hazifi kwa kuchemshwa. Zikiachwa kwenye uvuguvugu huamka, na ile ya wali hutengeneza sumu ambayo ukipasha tena haiondoki. Ndiyo maana pilau la jana lililolala juu ya jiko huweza kutapisha hata likirudishwa motoni mpaka likatoa moshi.

Sufuria la lita 20 la mchuzi likiingizwa chumba baridi kama lilivyo, kesho asubuhi katikati yake bado pana joto. Fanya hivi. Gawa mchuzi kwenye trei za chuma, kina kisizidi sentimita 5. Ziache wazi au zifunikwe kwa kulegeza ili mvuke utoke. Ziingize kwenye friji ya kupoozea haraka, kila moja kwenye rafu yake, hewa ipite juu na chini. Kupanga trei juu ya trei ni sawa na kurudi kwenye sufuria. Kama mashine ya kupoozea imejaa, weka chombo ndani ya sinki la maji na barafu, koroga kila baada ya dakika chache, na ubadilishe barafu inapoyeyuka.

Daftarini ziandikwe nyakati tatu: saa chakula kilipofika 57, joto baada ya saa 2, joto baada ya saa 6. Ukikuta 25 kwenye kipimo cha pili, usiandike 21. Ama chakula kirudishwe motoni mara moja kifike 74 na hesabu ianze upya, ama kitupwe, na ulichofanya kiandikwe. Kutupa hakuna ubishi.

Chakula kilichotengenezwa melini kikikaa zaidi ya saa 24 kiwe na lebo ya tarehe, na kisipite siku 7. Samaki atakayeliwa mbichi, kama wa sushi, awe amegandishwa nyuzi -20 kwa siku 7 au -35 kwa saa 15 ili minyoo ife, na karatasi ya muuzaji inayothibitisha hilo iwepo. Lebo za chaza na kome zihifadhiwe siku 90, maana mgonjwa anaweza kujitokeza wakati magamba yameshatupwa zamani.

Bufee nyingi hutumia muda badala ya joto: chakula hutoka, hukaa saa 4, kisha kinachobaki hutupwa chote. Njia hii inakubalika kama imeandikwa kwenye mpango wa meli na kama kila kituo kina saa ya kuanza na ya kumaliza. Kinachoangusha watu ni kuongezea. Stuadi analeta trei mpya ya saladi, anamwagia juu ya ile iliyobaki. Trei hiyo sasa ina chakula cha nyakati mbili tofauti, na lebo inasema wakati mmoja. Trei itolewe nzima, iingie mpya nzima.

Namna daftari linavyosomeka

Ukurasa wenye 4, 4, 4, 4 wiki nzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, humwambia mkaguzi kwamba kuna mtu alikaa mezani usiku akajaza. Friji ya kweli hupanda na kushuka. Ukurasa wenye 4, 3, 7, kisha maneno “mlango ulikuwa wazi wakati wa kupakia, nyama imehamishwa friji namba 6, saa 16:20 imesoma 4”, ni ukurasa mzuri kuliko ule msafi. Umekiri tatizo, umeonyesha hatua, umeonyesha matokeo.

Kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili, kuna mtego mdogo. Saa mbili asubuhi ya nyumbani ni 08:00 ya daftari, na saa kumi na nusu jioni ni 16:30. Mtu aliyechoka huandika 02:00 kwa mazoea, na upoozaji uliofanyika vizuri ukaonekana umechukua saa 12. Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu Mmarekani hutanguliza mwezi na 03/04 atakayoisoma yeye siyo uliyoandika wewe.

Kumbukumbu za maji, mabwawa na wagonjwa zihifadhiwe miezi 12 na zipatikane papo hapo. Ofisa anayetafuta ufunguo wa kabati nusu saa ameshajibu swali kabla halijaulizwa.

Maji ya kunywa

Meli hupata maji kwa njia mbili: kuyachukua bandarini au kuyatengeneza kutokana na bahari. Kutengeneza hakuruhusiwi meli ikiwa bandarini, imetia nanga, au inapita maji machafu. Mkaguzi atalinganisha saa za mashine ya maji na saa za daraja la nahodha. Zikionyesha mashine ilikuwa ikivuta maji wakati meli iko gatini, hilo ni kosa zito ambalo halina maelezo.

Ukichukua maji bandarini, kwanza pima ya bomba la nchi kavu: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, na pH, kipimo cha uasidi wa maji. Acha bomba la nje limwage maji kwa muda, kisha unganisha mpira. Mpira huo uwe wa maji ya kunywa peke yake, umeandikwa hivyo, umefunikwa ncha zote mbili, na makao yake ni kabati lililo juu ya sitaha angalau sentimita 45, lisilo na mipira ya maji taka. Ndani ya dakika 30 tangu maji yaanze kuingia, klorini iwe imefika angalau 2.0 ppm, yaani sehemu mbili kwa milioni, na pH isizidi 7.8. Endelea kupima kila saa mpaka kazi iishe.

pH inabebwa kama jambo la pembeni, kumbe ndiyo inayoamua kama klorini inafanya kazi. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo linaloua vijidudu. Ikifika 8, imebaki robo hivi. Unaweza kuwa na namba nzuri ya klorini na maji yaliyolala.

Kipimo cha klorini kwa unga wa DPD, ule unaogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, ni rahisi na watu hukikosea kila siku. Suuza kichupa kwa maji yale yale utakayopima. Jaza mililita 10, futa kioo kwa nje kwa kitambaa laini, alama ya kidole hubadilisha namba. Weka kwenye mashine, ipe sifuri. Mimina unga, funika, tikisa, soma ndani ya dakika moja. Ukichelewa, klorini iliyofungamana, ile iliyokwisha kushikana na uchafu, inaanza kuonyesha rangi na namba inapanda kwa uongo. Mtego mwingine ni mkubwa zaidi: klorini ikizidi sana, rangi ya waridi huonekana sekunde moja kisha inapauka, kichupa kinabaki cheupe. Fundi mgeni husoma sifuri, anaongeza dawa. Ukiona rangi imetokea ikapotea, changanya sampuli na maji yaliyochujwa yasiyo na klorini, nusu kwa nusu au zaidi, pima tena, kisha zidisha.

Kwenye mfumo wote, mpaka bomba la mbali kabisa na pampu, klorini isipungue 0.2 wala kuzidi 5.0 ppm. Pale mbali pawepo na mashine inayorekodi saa 24. Kila siku linganisha namba yake na kipimo cha mkono, tofauti ikizidi 0.2 irekebishwe, na karatasi ya siku hiyo itiwe tarehe na sahihi. Mstari ulionyooka kama uzi wa fundi seremala saa 24 nzima ni dalili ya kalamu iliyokwama au maji yasiyopita kwenye kihisi. Meli hai, watu wanaoga asubuhi na jioni, mstari lazima ucheze.

Kila mwezi peleka sampuli zisizopungua nne kwa kipimo cha *E. coli*, bakteria wa kinyesi: mbele, nyuma, sitaha za juu, sitaha za chini. Matangi hukaguliwa, kusafishwa na kutiwa dawa meli inapoingia chelezoni, au kila miaka 2.

Halafu kuna maji kurudi nyuma. Mpira umetumbukizwa kwenye ndoo ya sabuni, shinikizo linashuka ghafla, ndoo inanyonywa kwenye bomba la kunywa. Dawa yake bora ni nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na ukingo wa chombo, mara mbili ya kipenyo cha bomba na kamwe isiwe chini ya milimita 25. Bomba la milimita 20 linadai 40. Pasipowezekana, hufungwa valvu maalumu ya kuzuia, na zile zinazopimika hupimwa kila mwaka. Tembea na orodha yake: mashine za vyombo, saluni, vyoo, mipira ya sitaha, mabwawa. Ile moja iliyosahaulika nyuma ya saluni ndiyo atakayoiona.

Mabwawa

Bwawa la kuogelea: klorini huru 1.0 hadi 5.0 ppm. Beseni la maji moto yenye mapovu: 3.0 hadi 10.0. pH kwa yote 7.0 hadi 7.8. Beseni la moto lisizidi nyuzi 40, na hulindwa zaidi kwa sababu maji ni machache, watu ni wengi, na mapovu hurusha mvuke unaoweza kubeba bakteria wa *Legionella* mpaka mapafuni. Kila siku lipandishwe hadi angalau 10 ppm kwa saa nzima, na maji yabadilishwe kila saa 72. Mtoto wa nepi haingii bwawa la kawaida. Stuadi wa sitaha awe na ujasiri wa kumwambia mzazi, kwa adabu, na ubao wa tangazo uwe unaonekana.

Mashine ya vyombo

Suuzo la mwisho lifike nyuzi 82 hadi 90 kwenye bomba lake, na sahani yenyewe ifike 71. Juu ya 90 maji hugeuka mvuke kabla hayajagusa sahani, kwa hiyo kuongeza moto hakusaidii. Bandika karatasi ya joto kwenye sahani au pitisha kipimajoto kinachoshika namba ya juu, mara moja kabla ya kila zamu. Geji ya mashine ikisema 85 na sahani ikasoma 66, tafuta kwa mpangilio huu: vitobo vya kunyunyizia vimezibwa na chokaa, vifuniko vya ncha za bomba vimetoka, mapazia ya raba yamekatika na maji machafu ya kuoshea yanarukia upande wa suuzo, au muosha vyombo anasukuma trei kwa haraka kuliko mashine inavyotaka. La mwisho ndilo la kawaida saa tatu usiku, watu 900 wakiwa wamemaliza kula kwa pamoja.

Sinki la mkono liwe tupu, liwe na sabuni, taulo za karatasi na maji ya uvuguvugu. Mtu akikuta kikombe cha kahawa ndani yake, atajua halitumiki. Visu, mashine ya kukatia nyama na kifungua makopo huangaliwa kwa tochi, nyuma ya wembe, mahali kitambaa hakifiki. Sahani zenye pengo zitupwe. Silikoni iliyoachia, skrubu zilizojitokeza na vigae vilivyopasuka ni alama ndogo ndogo, lakini ndimo mende wanamozaa, na meli yenye mende hupekuliwa kwa uvumilivu mkubwa.

Tumbo: kesi, hesabu na usafi

Kinacholipua meli mara nyingi ni norovirusi. Chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu, dalili huja baada ya saa 12 hadi 48, na jeli ya pombe ya mikononi haiiwezi vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, ndiyo njia.

VSP inamhesabu mgonjwa hivi: aliyeharisha mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au zaidi ya kawaida yake, au aliyetapika na kuwa na dalili nyingine moja, kama kuharisha japo mara moja, tumbo kunyonga, kichwa, maumivu ya misuli au homa ya 38 na zaidi. Nesi huandika saa ya dalili kuanza, chumba, meza ya kulia na kazi yake. Ripoti hutumwa CDC kati ya saa 36 na saa 24 kabla ya kufika bandari ya Marekani, hata kama mgonjwa ni sifuri. Abiria au wafanyakazi wagonjwa wakifika asilimia 2, ripoti maalumu hutumwa. Asilimia 3, mlipuko hutangazwa hadharani. Makundi haya mawili huhesabiwa mbalimbali. Meli ya abiria 3,000 na wafanyakazi 1,200 hufika asilimia 2 kwa abiria 60, au kwa wafanyakazi 24 tu.

Anayeshika chakula akiugua hutengwa mpaka saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho. Wengine saa 24. Hapa ndipo watu hujificha, kwa hofu ya kukatwa mshahara. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unamtaka mwenye meli amlipe mgonjwa mshahara wake kamili muda wote akiwa bado melini. Lijue hilo, na mkuu wako wa idara alijue pia. Mpishi mmoja anayemeza dawa ya kuzuia kuhara kimya kimya na kurudi kwenye saladi anaweza kuzalisha wagonjwa wote 60 peke yake.

Mtu akitapika ukumbini, ondoa watu, zuia eneo pana, mita 7 hivi kila upande, kwa sababu matone huruka mbali kuliko doa. Vaa glovu, barakoa na aproni. Funika kwa karatasi za kunyonya, okota kutoka nje kuelekea katikati, weka kwenye mfuko wa takataka za hatari na ufunge. Osha kwa sabuni. Kisha ndipo dawa: klorini hufa ikikutana na uchafu, na dawa iliyomwagwa juu ya matapishi ni hasara. Kwa sehemu ngumu tumia 1,000 hadi 5,000 ppm. Dawa ya maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 5, mililita 20 zikijazwa maji mpaka lita 1 hutoa 1,000, mililita 100 hutoa 5,000. Unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 1.5 kwa lita hutoa karibu 1,000. Iache ikae na umajimaji kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, usiifute kwanza. Changanya mpya kila siku. Na isikutane kabisa na dawa ya asidi ya vyoo, hutoa gesi ya sumu kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Zulia lipewe mvuke wa nyuzi 70 kwa dakika 5, au 100 kwa dakika 1.

Usichukue mchanganyiko huo ukafutia meza ya kukatia nyama. Sehemu zinazogusa chakula zinahitaji 50 hadi 200 ppm tu: mililita 10 za dawa ile ile ya asilimia 5 kwenye ndoo ya lita 5 hutoa 100. Pima kwa karatasi ya kipimo, siyo kwa harufu.

Siku yenyewe

Wakaguzi huingia asubuhi, mara meli ikisharuhusiwa. Wanaonana na maofisa, wanagawana: mmoja kwenye hospitali na madaftari, mwingine kwenye maji, wengine majikoni. Mpe kila mmoja msindikizaji mwenye funguo na anayejua eneo. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Hujui, sema utamwita anayejua. Ukiambiwa uonyeshe unavyochanganya dawa, ichanganye kama kila siku. Kosa likionekana, lirekebishe hapo hapo. Litaandikwa kwamba limerekebishwa, ingawa usitegemee alama kurudi.

Usifiche kitu. Mwaka 2013, meli moja ya kifahari ilikaguliwa huko Skagway, Alaska, na wakaguzi wakakuta toroli za vyakula vinavyoharibika zimesukumwa kwenye vyumba vya kulala vya wafanyakazi. Vyakula vile vilitupwa, alama zikawa 82, na picha zikazunguka dunia. Toroli zile zingebaki jikoni, pengine zingegharimu alama tatu nne.

Meli yako ikija Mombasa au Dar es Salaam, utaratibu ni mwingine. Maafisa wa afya wa bandari hufuata Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005: hakuna alama 100, kuna cheti cha usafi wa meli chenye uhai wa miezi 6, kinachoweza kuongezwa mwezi 1 tu. Wasipoona hatari hutoa cheti cha msamaha, wakiiona huagiza hatua na kutoa cheti cha udhibiti chenye ushahidi wake. Wataangalia pia tamko la afya la meli, panya, maji taka na takataka. Jikoni na kwenye matangi watatafuta yale yale uliyokwisha kuyaandaa.

Kikao cha kufunga kikimalizika, chukua nakala ya makosa na uyagawe kwa idara siku hiyo hiyo, kabla watu hawajasahau yalikuwa friji gani. Meli hupeleka CDC maelezo ya marekebisho, moja kwa kila kosa. Andika chanzo na kilichobadilishwa. “Msaidizi amekaripiwa” haisemi kitu. “Raba ya mlango wa friji namba 4 imebadilishwa, imeongezwa kwenye ukaguzi wa kila wiki wa fundi” inasema. Bandika nakala ndani ya mlango wa friji hiyo hiyo, kwa sababu mkaguzi ajaye huja na ripoti ya zamani mkononi, na huanzia hapo.